Usichimbue Kuangalia Mizizi

Al-Suwaidi, Riyadh
6 Aprili 2025

...na la tatu, lile ambalo simu ilikatika Ijumaa kabla sijalitoa mdomoni, ni kwamba vijiti vimefika! Vyote vitatu, mume wangu. (Acha niandike tena kwa raha zangu: mume wangu. Tangu harusi yetu ya Januari naliandika neno hili hata kwenye mvuke wa kioo cha bafuni, kisha nalifuta haraka.) Jeremiah aliuacha mfuko kwa Myemeni wa bakala, duka la pale kona, nikaupata nilipotumwa mikate. Mfuko mzima unanuka samaki. Najua lori lake hubeba samaki wa Jeddah, lakini barua yako ya mapenzi nimeisoma nimeziba pua, na bado nimelia.

Sasa nikucheke kidogo. Umevikata sawasawa huku na huku, ukavisugua vikang'aa kama bakora za wazee. Mtoto wa Kangemi wewe! Umewahi kuuona muhogo shambani, au unaujua ule wa kuchomwa tu, wenye pilipili na ndimu, ndani ya gazeti? Ncha zikifanana, mtu atajuaje kichwa ni kipi na miguu ni ipi? Bahati yako umeoa Mgiriama. Kijiti kina macho, na chini ya kila jicho pana kovu la jani lililoanguka. Nikavigeuza macho yatazame juu.

Kuna watu huweka kijiti kwenye glasi ya maji dirishani wakangoja mizizi. Muhogo hautaki mambo hayo, unataka udongo moja kwa moja. Nilichukua ndoo mbili za rangi zilizotupwa juu ya paa, nikatoboa matundu chini kwa msumari wa moto, nikachanganya mchanga na udongo uliobaki madam alipopanda mawaridi yakafa. Kijiti unakisimamisha kimeinama kidogo, kama mtu anayeegemea mlango akimngoja mwenzake, macho mawili yabaki nje. Unakandamiza kwa vidole, unamwagilia kidogo, halafu kazi ngumu ndiyo inaanza: kukiacha. Mama alikuwa akitupiga vibao kwa jambo hilo tu. "Usichimbue kuangalia mizizi! Kila ukichimbua unakata kile kilichotaka kushika."

Vijiti viwili viko kwenye ndoo, nyuma ya tangi la maji, ambako hapandi mtu ila mimi na nguo za kuanika. Cha tatu nimekizungushia gunia bichi nikakiweka chini ya kitanda changu, kiwe cha akiba.

Unajua kwa nini nimeshikilia sana jambo hili? Kwetu Kaloleni, mama na mama yake mama waliolewa na vijiti mkononi, kutoka shamba la nyumbani, wavipande penye jiko lao wenyewe. Mimi niliondoka na sanduku la nguo na wewe, kisha uwanja wa ndege ukatugawa, wewe Jeddah, mimi Riyadh. Kila nikimpigia, mama anauliza, "Umeshapanda?" Sasa nitamjibu. Ni vijiti vya yule Biju wako wa Kerala anayelima nyuma ya karakana, sawa, lakini muhogo ni muhogo. Nyumba yetu haina mlango wala kitanda, Protas, ila ina ndoo mbili.

Madam bado hajui kwamba nimeolewa. Wakala alinionya nikitoka likizo: ukisema una mume humu nchini watadhani utatoroka. Pete nimeishonea ndani ya ukosi wa gauni. Nikiinama kupiga deki inanigusa shingoni, nami nasema moyoni, huyo amefika.

Wako, wako, wako,
Eddah

~

Al-Baghdadiyah, Jeddah
13 Aprili 2025

Mke wangu Eddah,

Nilivisugua kwa sabuni ili visikuchafue mikono! Nilidhani naleta zawadi, kumbe naleta kichekesho. Biju naye aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hata kwao mtoto wa darasa la pili anajua kichwa cha kijiti.

Mimi niko sawa. Joto limeanza, kila nyumba AC inalia, na sisi mafundi tunakimbizwa kama tumeiba. Bonface, huyu jamaa tunayelala naye chumba kimoja, anakusalimu. Anasema nimekuwa mtu wa kutabasamu peke yangu na ataomba kuhamishwa.

Nimemuuliza kafili, huyu tajiri anayenidhamini hapa, kuhusu siku mbili za kuja Riyadh. Akasema baada ya Hija. Baada ya Hija nikiuliza atasema baada ya kiangazi, namjua. Kwa hiyo hizo ndoo ndizo ninazoishi ndani yake kwa sasa. Nikitoka kazini nimechoka najiambia, mahali fulani Riyadh kuna kitu changu kinajaribu kushika.

Vimeota? Si ungechimbua kimoja, kidogo tu, uone? Natania. Lakini si sana.

Mumeo anayekumiss vibaya,
Protas

~

Al-Suwaidi, Riyadh
4 Mei 2025

Protas wangu,

Vina majani! Kwanza jicho lilivimba, likawa jekundu kama ufizi wa mtoto anayeota meno. Nikajizuia kuchimbua kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Kisha vikatoka vidole vidogo vilivyokunjwa, na wiki iliyopita vimefunguka, jani zima, vidole vyake vyote, limetandazwa kama mkono wa mtu anayekupungia kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikaa chini juani na ndoo ya nguo mbichi pembeni nikalitazama kama chizi. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea moja. Nimelilaza ndani ya Biblia yangu likakauka vizuri. Liweke chini ya mto. Ni jani la kwanza la nyumba yetu.

Nina habari ya nyumba hii pia. Kijana wao, Nawaf, amerudi. Niliwahi kukuambia yuko safarini, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Kumbe alikuwa kwenye hospitali ya kuachishwa hashishi, ile bangi ya huku. Madam aliniambia akikata vitunguu, ili machozi yawe na sababu. Nawaf ana miaka ishirini na kitu, mrefu, mikono yake haijui pa kukaa. Baba yake humkagua chumba, humkagua mifuko, na kila asubuhi humshika kidevu akamtazama macho kwa karibu, kama mnunuzi wa ng'ombe. Nawaf husimama tu, akatazamwa.

Anapanda juu ya paa kuvuta sigara. Alinikuta namwagilia.

"Nini hiki?"

"Chakula cha kwetu. Yanaliwa majani, baadaye na mizizi."

"Mizizi ipo?" Akashika shina avute.

"Wee! Usivute!" Nilimpigia kelele kama mdogo wangu, halafu nikakumbuka mimi ni nani na yeye ni nani, nikajiziba mdomo. Lakini alikuwa anacheka.

"Sasa utajuaje kama ipo?"

"Ukiona jani, ujue ipo. Ukichimbua kila siku kuiangalia, unaikata."

Akaliachia shina. Siku hizi nikipanda nakuta udongo umeshalowa. Kumbe ni yeye anamwagilia.

Majani yakizidi nitayatwanga, niyapike na tui, niyagandishe kwenye friji, na siku nitakayokuona utakula kisamvu cha mkeo mpaka ulegee.

Wako anayeringa,
Eddah

~

Al-Baghdadiyah, Jeddah
11 Mei 2025

Eddah,

Soma hii ukiwa peke yako. Kwenye simu sithubutu kulitaja neno lenyewe.

Nilifungua bahasha kitandani. Jani likaniangukia kifuani. Bonface alikuwa anapiga pasi. Akaliona, akaacha pasi juu ya shati, akapanda juu ya kitanda chake kama ameona nyoka.

"Protas! Nani amekutumia bangi?"

"Bangi gani? Hii ni barua ya mke wangu."

"Mke wako anataka tukatwe vichwa! Toa! Itoe! Hapana, usitoe nje, watu wataona! Imeze!"

Shati liliungua alama ya pasi mgongoni. Tulicheka baadaye, lakini siyo wakati huo. Wakati huo nililitazama jani, na mke wangu, nisikudanganye, nilishindwa kujua. Mimi muhogo naujua kwenye sahani. Vile vidole nimeviona kwenye mabango tu, ya uwanja wa ndege na ya barabarani, yale yenye msalaba mwekundu juu ya jani. Na jani la bango na jani lako, ukiyatazama ukiwa na hofu, ni ndugu.

Nilienda kwa Biju mbio. Akalishika, akapitisha ukingo wa jani kwenye kidole changu. "Umesikia meno?" Hakuna meno, laini kabisa. Bangi ina meno kama msumeno, akasema, huu ni muhogo, nenda kalale. Nikaenda, nikalichoma hata hivyo kwenye sinki, na nikalia, kwa sababu lilikuwa jani la kwanza la nyumba yetu.

Jeremiah alipojua alichobeba kwenye vizuizi vyote vile vya polisi barabarani, alisema, "Mwambie shemeji mapenzi yake yana kilo nyingi."

Mke wangu, hapo kwenu kuna kijana aliyetoka hospitali ile. Watu wa nyumba hiyo wameyatazama mabango yale kuliko sisi. Zitoe zile ndoo. Yakate majani leo. Tutapanda kwingine.

Protas

~

Al-Suwaidi, Riyadh
15 Mei 2025

Mume wangu,

Barua yako sijaiona, Myemeni anasema lori la Jeremiah limeharibika njiani. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Nilipanda asubuhi kuanika nikakuta ndoo zimelazwa, udongo umemwagwa kwenye vigae, vijiti havipo. Sijui nani. Nilidhani maji yamevuja kwenye dari ya chini, wakakasirika. Nikapiga magoti kuzoa udongo, na ndani yake, Protas, kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea. Ilikuwa imeshashika! Mizizi ilikuwepo muda wote huo.

Nyumba ina msiba na hakuna aliyekufa. Baba Nawaf alipiga kelele, kisha madam, kisha kimya. Simu zimekusanywa zote, hata yangu, ndiyo maana Ijumaa sitakupigia. Mlango wa paa umefungwa. Nawaf yuko chumbani, sinia la chakula linaingia limejaa na linatoka limejaa. Nadhani wamemkuta na sigara. Madam hakuniuliza chochote, nami sikusema chochote. Nani ataulizia mboga watu wakiwa hivi?

Kijiti cha tatu bado kipo chini ya kitanda. Nimekilowesha gunia.

Nikumbatie hata kwa mawazo,
Eddah

~

Al-Baghdadiyah, Jeddah
20 Mei 2025

Mke wangu,

Natumaini hadi sasa umeipata barua yangu ya tarehe kumi na moja. Kama umeipata umeshaelewa walichong'oa. Si sigara, Eddah. Wamelaza ndoo zile wakidhani wameikuta bangi ya kijana wao.

Nakuomba jambo moja na nakuomba kama mumeo: nyamaza. Hawajakuuliza. Hawafikirii ni wewe. Ukisema ni yako watauliza nani alikupa, utasema mume wangu, watauliza mume gani, na kabla hujamaliza kueleza muhogo ni nini polisi watakuwa mlangoni. Wewe mgeni, kitu chenyewe wameshakiteketeza, utawaonyesha nini? Huyu kijana ni mtoto wao. Watamfokea, watamsamehe. Wewe nani atakusamehe hapa?

Nimekuoa Januari. Sitaki kukutafuta gerezani Juni.

Nyamaza, kipenzi. Tafadhali.

Protas

~

Al-Suwaidi, Riyadh
25 Mei 2025

Mume wangu mpenzi,

Barua zako zote mbili nimezipata kwa pamoja. Ile ya kunyamaza nimeirudia mpaka imechakaa, na nimekupenda zaidi kwa woga wako, maana ni woga wa mtu mwenye mke. Nilikutii. Nilinyamaza. Nilipika, nikafua, nikanyamaza.

Jana nilikuwa nafuta ngazi, madam akawa anazungumza na dada yake wa Jeddah kwa simu, mlango wazi. Kwamba Jumamosi Nawaf anarudishwa hospitali, na baba yake ameapa akitoka safari hii asirudi hapa, akatafute pa kwenda. Kwamba wamempiga maswali usiku na mchana, nani alikupa mbegu, nani alikuletea, na anajibu neno moja tu: sijui.

Nikakaa kwenye ngazi na tambara langu.

Anajua, Protas. Aliniona nikimwagilia. Nilimwambia kwa mdomo wangu ni chakula cha kwetu. Angesema tu, "Ni ya Eddah," na mambo yangekwisha upande wake. Baba yake angemwachia kidevu, akanishika mimi. Kijana huyu amelijua jambo lile lile uliloniandikia wewe, kwamba mimi sina wa kunisamehe, na akameza maneno yake kwa ajili yangu. Labda hata yeye haamini tena kwamba ule ni muhogo. Labda anadhani nilimdanganya, na bado amenyamaza.

Wewe umeninyamazisha kwa sababu ni mume wangu. Yeye si kitu changu. Alimwagilia tu.

Siwezi. Nikinyamaza nitakuja kwako Jeddah siku moja, nitakupikia, na kila tonge utakalokula litakuwa limetoka kwa mtoto wa mtu aliyefukuzwa kwao. Sitaki nyumba yetu ianzie hapo. Kama ungekuwa hapa ukamwona alivyosimama akishikwa kidevu, ungenitangulia kwenda kusema. Nakujua. Ndiyo maana nilikubali kuolewa na wewe, si kwa sababu ya hayo macho yako tu, ingawa na macho yamo.

Kijiti cha tatu kiko mapajani mwangu ninapoandika. Nikimaliza nampelekea Myemeni barua hii, narudi, naenda kubisha mlango wa baba. Pete nimeitoa kwenye ukosi. Nimeivaa kidoleni.

Niombee,
Mkeo Eddah

~

Al-Baghdadiyah, Jeddah
3 Juni 2025

Eddah,

Jeremiah amekuja mikono mitupu. Anasema Myemeni hajakuona dukani tangu siku ile. Simu yako inaita kisha inakata. Nimempigia wakala, hajui kitu au hataki kujua.

Sina hasira nawe. Nilikuwa nayo, kama saa moja hivi, kisha nikasoma tena pale uliposema ningekutangulia. Sijui kama ni kweli. Nataka iwe kweli. Nimemwambia kafili sitaki siku mbili, nataka moja, na mshahara wa juma hilo akae nao. Hija hii, kasema, hatoki mtu.

Bonface ameacha kunitania. Jana alinipikia bila kuambiwa.

Niandikie hata mstari. Niandikie "nipo".

Protas

~

Al-Suwaidi, Riyadh
12 Juni 2025

Nipo!

Nipo, nipo, nipo, mume wangu. Nisamehe kimya. Sikuruhusiwa kutoka hata kufikia bakala mpaka leo, na leo nimepita njia nzima nikikimbia, Myemeni akadhani nimefukuzwa na mbwa; barua yako nimeisomea papo hapo dukani.

Nianzie mlangoni. Nilibisha, baba akasema ingia, madam alikuwa amekaa naye. Nilisimama kwenye zulia nikasema kwa Kiarabu changu kile cha jikoni, "Mti wa juu ni wangu. Si wa Nawaf. Na si hashishi. Ni mboga."

Baba alisimama polepole. "Nani alikupa?"

"Mume wangu."

"Mume?" Huyo ni madam. "Una mume?"

"Ngoja," baba akasema.

"Ningoje nini? Tangu lini, Eddah? Ulikwenda likizo ukaolewa ukarudi hapa ukanyamaza? Mimi nikikupangia zamu za Ijumaa kama msichana asiye na kwake?"

"Mama Nawaf! Tunazungumzia bangi!"

"Wewe zungumza bangi, mimi nazungumza na yeye!"

Kama nisingekuwa nakufa kwa hofu ningecheka. Wakamwita Nawaf. Alipoiona pete yangu na kijiti mkononi alielewa, akafumba macho. Baba akamuuliza, "Ulijua ni yake?" Akasema, "Nilijua." "Mbona hukusema?" Nawaf akasema, "Ungenisadiki?" Kisha akasema jambo ambalo madam alilia aliposikia: "Baba, mimi jani la bangi lenyewe sijawahi kuliona maishani mwangu. Nilichokivuta kilikuwa kipande kama tope kavu. Hata ningewekewa shamba zima nisingelitambua."

Madam akatafuta picha za muhogo kwenye simu akamwonyesha. Baba akasukuma simu. "Picha! Kila mtu ana picha. Kile nilichong'oa nimekichoma, nitalinganisha na nini?" Nikamwambia alinganishe na hiki. Nikaomba kisu. Kijiti kilikuwa kimekauka ncha, nami moyoni nikawa nasema Mungu wangu kisiwe kimekufa. Nikakata kidogo, pakavu. Nikakata tena, pakavu. Mara ya tatu maziwa yakatoka, meupe, tone moja. Sijawahi kulipenda tone la kitu chochote hivyo.

Baba akasema: panda kipande hiki hapa, mbele yangu. Hakuna polisi na hakuna hospitali mpaka kitoe jani. Kikitoa la bango, mtakwenda wote wawili, wewe na yeye. Halas, imekwisha.

Kwa hiyo niliipanda nyumba yetu tena, mume wangu, safari hii uani, kando ya mlango wa sebule ya wageni, mbele ya viatu vya baba. Alitoa kiti chake nje. Jua la Riyadh la mwezi huu unalijua, lakini alikaa na kitambaa chake cha shemagi kichwani akiitazama ndoo kama televisheni. Madam akichungulia dirishani. Mimi nikipika bila kuonja. Nawaf akimwagilia, kidogo tu, kama nilivyomfundisha.

Siku zikapita, kijiti kimya. Baba akashindwa. Akaja na kijiko cha jikoni, akachuchumaa. "Nione kidogo tu kama kina mizizi."

Nilikuwa na nguo mikononi, nimwambie nini mwenye nyumba? Nawaf ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Usichimbue, baba. Kila ukichimbua unakata."

Baba alibaki amechuchumaa, kijiko mkononi, mgongo kwetu. Sijui alikuwa anatazama nini mle ndani ya udongo. Kisha akainuka, magoti yakalia, akampa mwanawe kijiko akaingia ndani. Na asubuhi iliyofuata hakumshika kidevu. Nilikuwepo, naleta chai. Mkono ulinyanyuka, ukafika nusu ya njia, ukachukua kikombe.

Jicho lilivimba baada ya Idi. Ni baba aliyeliona kwanza, akatuita kwa kelele kama amejaliwa mjukuu. Na jani lilipofunguka nilimwomba apitishe kidole ukingoni, kama Biju alivyokufanyia wewe. Akapitisha upande mmoja, akapitisha wa pili. Laini. Akarudia. Kisha akakaa kwenye kiti chake akajifunika uso kwa shemagi, na madam akatuambia sote tuingie ndani tumwache. Nawaf hakuingia. Alikaa chini kando ya kiti. Nilivyochungulia mara ya mwisho walikuwa wakiitazama ndoo, wote wawili.

Ufunguo wa paa amepewa Nawaf. Simu yangu nitarudishiwa Ijumaa. Madam amenitolea ushungi wa hariri, zawadi ya harusi iliyochelewa, anasema bado amekasirika. Anataka picha yako, ameshaniuliza mara tatu kama u mrefu. Nimemwambia u mrefu wa kutosha.

Na sasa lile lililonifanya nikimbie njia nzima. Yule dada yake madam wa Jeddah amejifungua. Wanakwenda kumwona shule zikifungwa, na mimi naenda nao. Baba akauliza mezani, "Mumeo anakaa wapi?" Nikasema Al-Baghdadiyah. Akasema, "Nyumba ya shemeji ni karibu," akaendelea kula. Madam akanikanyaga mguu nikipakua wali. Siku mbili, Protas! Madam anasema nitapewa siku mbili nzima nije kwako!

Niliomba niikate ncha ya muhogo nije nayo, baba akakataa katakata. Huo unabaki hapa, amesema, hautoki uani kwake. Basi nenda kwa Biju, mwombe kijiti kimoja. Usikisugue! Usikikate kichwa! Tafuta ndoo, toboa matundu chini, jaza udongo nusu na mchanga nusu, uiweke mahali penye jua karibu na dirisha lako. Mwambie Bonface asitoroke. Na usikipande, hata ukitamani vipi. Kiache kinisubiri kivulini. Nataka tukipande pamoja, mikono minne ndani ya udongo mmoja, halafu tukae tusikichimbue.

Nakuja, mume wangu. Kabla ya mwezi huu kwisha utafungua mlango, nitakuwa nimesimama pale na pete kidoleni.

Mkeo,
Eddah